Vipindi, siku ya somo moja au mada ya wiki: njia tatu za kuwafundisha watoto nyumbani, zikilinganishwa kutoka Mwanza

Mzazi anayekusudia kuwafundisha wanawe nyumbani kwa wiki nzima hukutana na swali moja kabla hajafungua daftari lolote, nalo ni namna ya kuigawa wiki yenyewe. Masomo ni mengi, siku ni tano, na mtoto wa miaka sita hawezi kukaa kitini kama karani. Hapa kwetu Nyegezi nimejaribu njia tatu katika likizo mbalimbali za Juni na Desemba, nikiwa na binti yangu wa miaka mitano, kaka yake wa miaka saba, na mtoto wa dada yangu wa miaka tisa ambaye huletwa kwetu kila likizo kutoka Sengerema. Njia ya kwanza ni ya vipindi: kila siku watoto wanagusa karibu masomo yote kwa vipande vya robo saa au dakika ishirini, kama ilivyo shuleni. Ya pili ni kuipa kila siku somo lake, kwa mfano Jumatatu kusoma, Jumanne hesabu, Jumatano sayansi, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Ya tatu ni kuchagua mada moja, tuseme samaki, mawe au mvua, na kuyapitisha masomo yote ndani ya mada hiyo kwa wiki nzima.

Niweke mpaka wa maneno yangu mapema. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyetimiza umri na ahakikishe anahudhuria, kwa hiyo simshauri mtu amwondoe mwanawe darasani. Ninazungumzia likizo, watoto ambao umri wa darasa la kwanza haujawafikia, na zile nyakati ambazo shule zenyewe hazipo. Wengi wetu tulionjeshwa jambo hili mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona na shule za msingi zikafunguliwa tena mwishoni mwa Juni, nasi tukabaki na watoto sebuleni bila mpango wowote.

Kusoma na kuandika

Katika kusoma, njia ya vipindi inazishinda nyingine mbili bila ubishi. Kiswahili kina neema moja kubwa: herufi hutamkwa jinsi inavyoandikwa, na mtoto akishashika silabi za ma, me, mi, mo, mu anaweza kuzihamishia kwenye maneno ambayo hajawahi kuyaona. Lakini silabi zinakaa kichwani kwa kurudiwa kila siku, na kurudia huko hakuhitaji muda mrefu. Likizo niliyotumia njia ya siku ya somo moja, binti yangu alisoma silabi za "ba" na "ka" vizuri sana Jumatatu asubuhi, akachoka kabla ya saa nne, na Jumatatu iliyofuata tukaanza upya kana kwamba hatujawahi kukutana na herufi hizo. Siku sita za katikati zilikuwa zimefuta kila kitu. Kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa mara ya kwanza, nadhani hiyo ni sababu tosha ya kuiweka kando njia ya pili.

Mada ya wiki ina nguvu tofauti. Humpa mtoto sababu ya kuandika. Yule wa miaka saba, ambaye kwa kawaida huandika sentensi mbili kisha huomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, aliandika ukurasa mzima alipoambiwa aandike barua ya kumweleza babu yake jinsi dagaa wanavyoanikwa. Tatizo la mada ni kwamba maneno yake hayaji kwa mpangilio wa silabi, na mzazi asipokuwa mwangalifu atamtupia mtoto maneno magumu kabla ya mepesi. Chukua majina ya samaki wetu wa ziwani. "Sato" na "furu" yanasomeka na mtoto wa wiki za mwanzo. "Dagaa" lina irabu mbili zinazofuatana, na mtoto ataikata ya mwisho asipoelekezwa. "Kambale" lina "mb", na "sangara" na "kamongo" yana "ng", ambayo mtoto lazima aitofautishe na ile "ng'" ya ng'ombe, tofauti inayowasumbua hata watu wazima wanapoandika. Kwa hiyo nilipofundisha kwa mada nililazimika kuwapanga samaki kwa ugumu wa silabi zao, sato akitangulia na sangara akija Alhamisi. Kazi hiyo niliifanya Jumapili usiku, na ni kazi ambayo mwenye kutumia vipindi hana haja nayo, kwa sababu kitabu cha kusomea kimeshampangia.

Kwa vitabu, mzazi mwenye simu na bando asidhani ni lazima anunue vyote. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo, na hata anayefundisha kwa mada atafanya vizuri kukipitia kitabu cha darasa husika ili aone ni nini hajakigusa.

Hesabu

Hesabu imenifanya nibadili mawazo zaidi ya mara moja. Mwanzoni niliamini kwamba soko lingetosha. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu kwenye mwalo wa Kirumba, ambako dagaa hupimwa kwa sado na kwa debe, na nikampa maswali palepale: sado ni lita nne, debe ni lita ishirini, je, debe moja lina sado ngapi? Tukisema sado moja inauzwa shilingi elfu kumi na mbili, debe lingekuwa shilingi ngapi kama muuzaji hapunguzi? Alijibu la kwanza upesi na la pili baada ya kuhesabu kwa vidole, na nikarudi nyumbani nikijipongeza. Mdogo wake wa miaka mitano alihesabu mafungu ya samaki mezani kwa muuzaji, akafika kumi na saba, akaruka hadi ishirini, muuzaji mwenyewe akamsahihisha kwa upole: "Rudi nyuma mwanangu, umemsahau kumi na nane na mwenzake."

Jioni ya Ijumaa, nilipopekua daftari, niliona kwamba kwa wiki nzima hatukuwa tumefanya hata swali moja la kutoa. Soko lilikuwa limetuletea kuzidisha na kugawanya, nasi tukafuata lilikotupeleka. Hapo ndipo udhaifu wa mada katika hesabu ulipo: hesabu hujificha ndani ya shughuli, na zile zinazojitokeza hazifuati ngazi. Mtoto wa miaka saba ambaye hajazoea kujumlisha namba za tarakimu mbili anaweza kujikuta anagawanya kwa tano kwa sababu tu sado tano zinajaza debe.

Vipindi vya robo saa kila asubuhi vilirekebisha jambo hilo kwa urahisi wa kushangaza. Vizibo vya soda kwa mdogo, kujumlisha na kutoa kwa wa kati, jedwali la kuzidisha kwa mkubwa, kila mmoja na ukurasa wake. Njia ya siku ya somo moja, kwa upande wake, iliniletea Jumanne ambazo nisingependa zirudi. Baada ya saa nzima ya hesabu mtoto hasikii tena. Anakutazama, anaitikia, lakini mlango umeshafungwa. Watetezi wa njia hiyo husema kwamba siku nzima humruhusu mtoto kuzama ndani ya somo, na katika sayansi nakubaliana nao, ila katika hesabu za watoto wadogo sijaona kuzama huko.

Jambo moja la haki kwa mada: swali la hesabu ambalo mtoto wa dada yangu analikumbuka hadi leo halikutoka kitabuni. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kilomita tatu, ndilo analopita anapokuja kwetu, mahali ambapo zamani tulingoja kivuko. Nilimwuliza: kama hatua yako moja ni nusu mita, ungepiga hatua ngapi kulivuka? Alipopata elfu sita hakuamini, akapima hatua yake kwa rula uani, akagundua kwamba imezidi nusu mita kidogo, akaanza hesabu upya bila kuambiwa.

Sayansi na jiografia

Katika masomo haya mambo yanageuka kabisa, na njia ya vipindi, iliyoshinda kote huko juu, ndiyo inayoanguka. Vitu vingi vinavyostahili kutazamwa na mtoto wa Mwanza havimaliziki kwa dakika ishirini. Mtoto ataona nini kwa robo saa kuhusu ukaukaji wa dagaa? Tulinunua nusu kilo ya dagaa wabichi, tukawapima kwa mizani ya jikoni, tukawaanika kwenye wavu juani, na mpango ulikuwa kuwapima tena kila siku ili watoto waone jinsi uzito unavyopungua maji yanapogeuka mvuke. Siku ya pili paka wa jirani alipitia. Uzito ulishuka kuliko nilivyotarajia, na mwanangu aliandika kwenye daftari lake, kwa uaminifu wote, kwamba maji ya dagaa huchukuliwa na jua na paka. Tulirudia jaribio tukiwa tumeweka kifuniko cha wavu. Jaribio la namna hiyo linadai siku tatu zinazofuatana, na ni mada ya wiki tu inayoweza kulibeba. Siku ya somo moja ingeliona mara moja na kulisahau.

Anayechagua mada ya dagaa autazame mwezi kwanza. Wavuvi huwavua usiku kwa kuwavuta na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa haina kazi, hivyo wavuvi hupumzika na dagaa wabichi huwa adimu. Nilikuja kulijua hilo nikiwa nimeshaandaa wiki nzima na ndoo mkononi. Baadaye nililigeuza kuwa somo: watoto walichora umbo la mwezi kila usiku mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa mwezi huchukua takriban siku 29 na nusu kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine, walipata kazi ya likizo nzima.

Mawe nayo ni hazina iliyo mlangoni mwa kila mkazi wa jiji hili. Mtoto anayepita kila siku chini ya majabali ya matale, yaani graniti, yaliyopandana kama yamepangwa kwa mkono ana haki ya kuuliza nani aliyapanga. Jibu linahitaji asubuhi nzima: mwamba wa zamani mno, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, ulipasuka chini ya ardhi, udongo laini ukaondolewa na maji kwa muda mrefu, na jua la mchana pamoja na baridi ya usiku vinaendelea kuubambua kama maganda ya kitunguu. Tulipanda kilima cha nyuma ya nyumba tukashika maganda hayo kwa mikono. Hapa siku ya somo moja ilifanya kazi nzuri kuliko nilivyodhani, kwa sababu matembezi hayo hayakukatizwa na kengele ya kipindi kingine.

Hali kadhalika safari. Kwenda Kisiwa cha Saanane kwa boti, au Makumbusho ya Bujora kule Kisesa ambako watoto wanaona nyumba za Kisukuma na ngoma za kale, ni shughuli ya siku, na anayeshikilia vipindi ataiahirisha mpaka likizo iishe. Jiografia ya ziwa lenyewe, kwamba lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, kwamba Tanzania ina takriban nusu yake na iliyobaki imegawanyika kati ya Uganda na Kenya, kwamba maji yake hutoka kuelekea Mto Nile pale Jinja, hukaa vizuri zaidi kichwani mtoto akiwa ameona maji hayo siku hiyohiyo. Mtoto wa dada yangu alipokuta kwamba Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika hapa Agosti 1858 na kuitwa mgunduzi wa ziwa, aliniuliza: "Mama mdogo, kwani waliokuwa wanavua siku hiyo walikuwa hawalioni?" Swali hilo lilitupa nusu saa ya historia ambayo hakuna ratiba ingeipangia nafasi.

Kuna onyo linalohusu njia ya mada kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayowatoa watoto nje mara nyingi. Maji ya kando ya ziwa yenye majani na konokono yana vimelea vya kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Watoto wangu hutazama magugu maji na konokono wakiwa juu ya jiwe au gatini, na wala hawaingii majini hata kwa miguu. Mzazi asiyeweza kuwasimamia watoto wote kwa wakati mmoja ni heri alete ndoo ya magugu nyumbani, ashike mwenyewe, nao watazame.

Sanaa, nyimbo na Kiingereza sitayachambua sana. Kuchora na kufinyanga hufaa katika njia yoyote, na Kiingereza hufuata sheria ileile ya kusoma: kidogo kila siku.

Upande wa mzazi

Ulinganisho wowote unaomtazama mtoto peke yake haujakamilika, kwani njia bora isiyotekelezeka ni sawa na jembe lisilo na mpini. Njia ya siku ya somo moja ndiyo nyepesi kuandaa: jioni unatafuta vitu vya somo moja tu, meza haijai, na asubuhi huna cha kubadili. Vipindi vinataka maandalizi ya wastani na nidhamu kubwa ya saa, jambo ambalo katika nyumba yenye mgeni anayebisha hodi kila nusu saa si dogo. Mada inataka maandalizi mengi kabla ya wiki kuanza, na inachosha kwa namna yake. Wiki ya samaki, Alhamisi asubuhi, binti yangu aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, "Mama, na kesho nayo ni samaki?" Tangu siku hiyo mada zangu ni za siku nne.

Tofauti za umri nazo zinaamua mengi. Kwa mtoto mmoja, vipindi ni rahisi. Kwa watoto watatu wa umri tofauti, vipindi humgeuza mzazi kuwa mwalimu wa madarasa matatu ndani ya chumba kimoja, akimsahihishia huyu huku yule akichora kwenye ukuta. Mada huwaunganisha: wote wanatazama samaki yuleyule, mdogo akihesabu mapezi, wa kati akiandika majina ya sehemu za mwili, mkubwa akieleza kwa nini furu walipungua baada ya sangara kuingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950.

Na je, nani anabaki nyumbani? Mzazi anayetoka kwenda kazini na kumwachia bibi watoto asimwachie ratiba ya vipindi vya dakika ishirini. Mama mkwe wangu aliangalia karatasi yangu ukutani, akaikunja kwa heshima, akawafundisha watoto kusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" asubuhi, kukata viazi vya michembe na kuvianika, na vitendawili visivyopungua kumi. Nilipowauliza tofauti ya michembe na matobolwa, wa miaka saba alinieleza kwamba michembe hukaushwa vikiwa vibichi na matobolwa hukaushwa baada ya kuchemshwa, kisha akaniuliza ni vipi vitakauka upesi. Hiyo ilikuwa mada ya wiki iliyotimia bila karatasi, na nikajilaumu kwa kutomwomba mapema.

Nani achague ipi

Mwenye mtoto mmoja ambaye bado hajasoma, na mwenye saa moja tu kwa siku, achukue vipindi na asihangaike na kingine: dakika ishirini za silabi, ishirini za kuandika, robo saa ya vizibo, basi. Mwenye watoto wa darasa la tatu na kuendelea wanaosoma wenyewe anaweza kuijaribu siku ya somo moja, hasa kwa sayansi na jiografia, ila abakize hesabu fupi kila asubuhi. Mwenye watoto wa umri mchanganyiko, na aliye nyumbani mchana, atafaidi mada kuliko wote, mradi akubali kulala akiwa amechelewa Jumapili.

Kwangu mimi, baada ya likizo kadhaa za kujaribu, asubuhi imebaki ya vipindi na iliyobaki ni ya mada. Kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu ni kusoma, kuandika na kuhesabu, kila mtoto na ukurasa wake, bila kujali mada ya wiki. Kisha chai. Kuanzia saa nne na nusu mada huingia, Jumatatu hadi Alhamisi, na hapo wote watatu hukaa pamoja. Ijumaa hatuna mada. Ni siku ya kutoka ikiwa nauli ipo, na ikiwa haipo ni siku ya hadithi barazani. Jumamosi watoto wanapocheza nafungua madaftari yote matatu na kutafuta kitu kimoja, somo ambalo halikuguswa kabisa wiki hiyo, nalo ndilo ninaloanza nalo Jumatatu kabla ya silabi.